Chambo na Sangara: Historia ya Ndoana kutoka Ziwa Albert hadi Ziwa Victoria

0. Utangulizi

Anayeandika historia ya uvuvi katika Maziwa Makuu ya Afrika hupenda kuufuata wavu. Wavu una tarehe zake: uliletwa mwaka fulani, ukafumwa kwa uzi fulani, ukapigwa marufuku kwa amri fulani. Ndoana haikupewa heshima hiyo. Na chambo, yaani kile kiumbe kidogo kinachotundikwa kwenye ndoana ili kumvuta samaki mkubwa, kimesahauliwa karibu kabisa. Hata hivyo chambo ni shahidi mwaminifu. Mvuvi hakichagui kwa kupenda tu. Hutwaa samaki mdogo anayepatikana kwa wingi, aliye karibu na ufuko, na ambaye samaki mkubwa amezoea kumla. Chambo kinapobadilika, basi ziwa lenyewe limekwisha kubadilika.

Makala hii inakusudia kufuata historia ya chambo hai katika uvuvi wa sangara mkubwa. Itaanzia Ziwa Albert, ambalo Kongo na Uganda zinaligawana, na itafika Ziwa Victoria, ambako samaki huyo alihamishwa kwa mkono wa binadamu. Hoja yake ni moja: mabadiliko ya chambo, kutoka furu hadi kambale wa bwawani, yanaonyesha kwa ufupi gharama ambayo ziwa na watu wake waliilipa ili sangara apatikane.

1. Samaki na majina yake

Samaki anayezungumzwa hapa huitwa na wataalamu Lates niloticus. Ni samaki mla samaki, mwenye kinywa kipana na jicho jeusi lililozungukwa na duara la manjano. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Makao yake ya asili ni mapana: mto Nile, mto Kongo, mito ya Afrika ya Magharibi, pamoja na Ziwa Chad, Ziwa Turkana na Ziwa Albert.

Majina yake yanasimulia safari yake. Huku Kongo jina lililoenea ni kapiteni, lililotokana na Kifaransa. Uganda humwita mputa, na Wajaluo wa Kenya mbuta. Ni dhahiri kwamba majina haya mawili ni neno moja lililosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Tanzania humwita sangara. Neno hilo linafanana sana na sangala, jina linalotumiwa katika Ziwa Tanganyika kwa jamaa zake wakubwa. Ziwa Tanganyika lina aina nne za jamii hiyo ya Lates, na zote nne hazipatikani penginepo duniani. Mmoja wao ni mgebuka, ambaye wavuvi wa Kalemie na Uvira humwita mikebuka.

Inafaa kukumbuka pia mahali ambapo samaki huyu hakuwapo. Ziwa Edward, lililo jirani na Ziwa Albert na kuunganishwa nalo na mto Semliki, halina sangara, kwa sababu maporomoko ya mto huo hayampi njia ya kupanda. Vivyo hivyo, maporomoko ya Murchison katika mto Nile yalimzuia asifike Ziwa Kyoga wala Ziwa Victoria. Kwa muda wa maelfu ya miaka, maji yaliyo juu ya maporomoko yalikuwa na historia yao, na maji yaliyo chini yalikuwa na yao.

2. Ziwa lisilokuwa na sangara

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini si la kina kirefu. Sehemu zake za ndani kabisa hufikia mita 80 hivi. Humo walizaliwa furu, samaki wadogo wa aina zaidi ya 500, ambao wengi wao hawatoshi kiganja cha mkono. Wako waliokula mwani, wako waliovunja konokono, wako waliokula wadudu, na wako waliokula watoto wa furu wenzao. Kwa wingi wa uzito, furu ndio waliokuwa ziwa.

Katika ziwa hilo la kale ndoana ilikuwa na kazi yake. Samaki wakubwa waliowindwa kwa ndoana walikuwa kamongo, mumi ambaye pia huitwa kambale, na mbofu. Chambo kilikuwa furu. Watoto walikaa juu ya mawe ya ufukoni wakiwa na fimbo, uzi na kindoana kidogo kilichotiwa mnyoo wa ardhini. Mnyoo ulimpata furu, na furu alimpata kamongo. Hivyo uvuvi wa ndoana ulianzia katika michezo ya watoto na kuishia katika chungu cha wazee, na chambo hakikununuliwa. Mtu aliyekosa wavu hakukosa mnyoo.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya mwanzo ya ukoloni. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za uzi wa kitani zilianza kutumiwa katika ghuba ya upande wa Kenya. Zilimlenga hasa ngege, samaki mtamu aliyekuwa na soko mijini. Nyavu zilipoongezeka, ngege walipungua. Uchunguzi wa ziwa zima ulifanywa mwaka 1927 na 1928 chini ya uongozi wa Michael Graham, na ripoti yake ilitahadharisha juu ya ukubwa wa matundu ya nyavu. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni, zisizooza na zenye kunasa zaidi, zilizidisha shida hiyo.

Hapo ndipo furu wakapewa jina baya. Kwa macho ya baadhi ya maofisa wa kikoloni, furu walikuwa samaki takataka: wadogo, wenye miiba, wasiokuwa na bei. Wazo likazaliwa kwamba takataka hiyo ingeweza kugeuzwa nyama ya maana, iwapo angeletwa samaki mkubwa wa kuila. Sababu ya pili ilikuwa burudani, kwani wazungu waliopenda kuvua kwa fimbo katika Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, walimjua sangara kuwa samaki wa kushindana naye. Inafaa msomaji atambue maana ya fikra hiyo. Ziwa zima lilitazamwa kama ndoana moja, na furu wote kama chambo.

3. Kuhamishwa kwa sangara

Hawakukosekana waliopinga. Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, alichapisha onyo lake mwaka 1960. Alieleza kwamba samaki mla samaki huhitaji kula uzito mkubwa kuliko ule anaouongeza mwilini mwake, na kwamba mnyama wa namna hiyo, akiisha kuingia katika ziwa kubwa kiasi hicho, hakuna atakayeweza kumtoa.

Onyo lilichelewa. Sangara walikwisha kutiwa ziwani kimyakimya upande wa Uganda, na mwaka unaotajwa ni 1954. Mwaka 1955 walitiwa pia Ziwa Kyoga. Mwaka 1960, wakati Fryer alipokuwa akiandika, sangara alivuliwa karibu na Jinja. Mwaka 1962 na 1963 upandikizaji ulifanywa hadharani, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba sangara wa Ziwa Victoria ni wa ukoo wa Ziwa Albert hasa. Kwa maneno mengine, samaki aliyeibadili historia ya ziwa hilo alitoka katika maji yale yale yanayopiga fukwe za Kasenyi, Tchomia na Mahagi.

Kwa muda wa miaka karibu ishirini hakukuonekana kitu kikubwa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, sangara walifurika katika ghuba ya Kenya. Baadaye ikawa zamu ya Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Mwanza nayo ilijaa. Huko Mwanza kulikuwa na kiwanda, kilichofunguliwa katika miaka ya 1970, cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. Katika muda wa miaka michache tu, furu wa kusaga hawakuonekana tena katika maji ya wazi. Watafiti walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka.

4. Chambo cha kwanza: furu

Katika miaka ya kwanza ya mafuriko hayo, wavuvi hawakumpenda mgeni. Alirarua nyavu nyembamba, mafuta yake yalizuia nyama isikauke juani kama samaki wengine, na watu wengi hawakujua namna ya kumpika. Ikabidi akaangwe au akaushwe kwa moshi, na kuni zikapanda bei. Lakini njaa ya soko ilifundisha haraka. Baadhi ya wavuvi wa Tanzania walifikia kumwita mkombozi.

Mwenye mtaji alinunua nyavu za matundu makubwa. Asiye na mtaji alirudi kwenye ndoana. Uvuvi wa kamba ndefu, uliokuwa wa kamongo na mumi, ukageuzwa kuwa wa sangara. Ufundi wake si wa kubabaisha. Kamba mama hulazwa majini kwa urefu wa mamia ya mita. Kwa kila hatua kadhaa huning'inizwa kamba fupi yenye ndoana moja. Mawe hushikilia kamba chini, na vipande vya plastiki huishikilia juu, ili chambo kikae katika kina alichokikusudia mvuvi. Kamba hutegwa jioni na kutolewa alfajiri, kwa kuwa sangara huwinda kwa jicho lake, na jicho hilo hufanya kazi vizuri katika mwanga hafifu unaowashinda samaki wengine.

Siri ya ufundi huo imo katika uhai wa chambo. Furu aliyekufa huning'inia kama jani. Furu aliye hai hutetemeka, huvuta kamba, humetameta. Na sangara mkubwa, ambaye huvutwa na kile kinachojaribu kukimbia, humfuata. Kwa sababu hiyo ndoana hupitishwa katika nyama ya mgongo, juu ya uti, au katika midomo, pasipo kugusa viungo vya ndani. Mkono usio na uzoefu huua chambo kabla mtumbwi haujafika mahali pa kutegea. Majira nayo huzingatiwa. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini huyachanganya maji ya ziwa, na hewa hufika chini. Katika miezi ya utulivu inayofuata, maji ya chini kabisa hupungukiwa na hewa, na kamba iliyozamishwa mno haipati chochote, maana si chambo wala sangara anayeweza kuishi humo.

Hapa ndipo palipojificha ubaya wa jambo lenyewe. Sangara alikuwa akila furu wale wale ambao mvuvi aliwahitaji ili kumpata sangara. Kadiri samaki mkubwa alivyoongezeka, ndivyo chambo chake kilivyotoweka. Matumbo ya sangara waliopasuliwa na watafiti yalionyesha hali hiyo waziwazi: mwanzoni yalijaa furu, baadaye yalijaa uduvi, dagaa na watoto wa sangara wenyewe. Samaki huyu, alipokosa chambo cha Mungu, alijifanya chambo chake mwenyewe. Mvuvi naye, alfajiri akiwa na kamba ya ndoana mia kadhaa, alijiuliza angetundika nini.

5. Chambo cha pili: kambale

Jibu lilipatikana matopeni. Kambale mchanga, mwenye urefu wa kidole au zaidi kidogo, ana sifa ambazo furu hakuwa nazo. Mbali na mashavu yake, ana kiungo cha ziada kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Kwa hiyo mamia yao yanaweza kusafirishwa ndani ya beseni lenye maji machache, juu ya baiskeli au ndani ya basi, na yakafika yakiwa hai. Ngozi yake ni ngumu na haichaniki upesi. Akitundikwa jioni, mara nyingi alfajiri humkuta bado anajipindapinda. Wavuvi walitambua kwamba ndoana yenye kambale hai humngoja sangara usiku kucha, ilhali yenye furu huchoka mapema.

Mwanzoni kambale hao walikusanywa kwenye vinamasi na mito midogo inayoingia ziwani. Mahitaji yalipozidi, vinamasi havikutosha. Hivyo ukazaliwa ufugaji wa namna mpya upande wa Kenya na Uganda: bwawa linalozalisha samaki wasiokusudiwa kuliwa na mtu. Kazi yake ni ya kitaalamu. Kambale jike hatagi kwa urahisi bwawani, basi hudungwa dawa inayotengenezwa kwa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, au homoni ya kiwandani. Baada ya saa kadhaa mayai hukamuliwa kwa mkono. Dume, kwa kawaida, huuawa ili mbegu yake ipatikane. Watoto wanapoanguliwa hulishwa na kupangwa kwa ukubwa mara kwa mara, kwa kuwa wakubwa huwala wadogo. Mfugaji asiyewatenga huamka na kukuta wachache walionenepa.

Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Chambo kilichookotwa na mtoto kwa mnyoo kikawa bidhaa yenye mfugaji, mchuuzi na bei. Katika mitumbwi mingi ya Ziwa Victoria mapato hugawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia baada ya kuondoa gharama za safari. Pale ambapo mafuta ya injini ndiyo yalihesabiwa, sasa chambo nacho huhesabiwa, na usiku usio na samaki humwacha baharia na deni la samaki wadogo waliokufa bure. Pamoja na hayo, mabwawa ya chambo yalileta faida isiyotarajiwa: wakulima wengi waliojifunza kuzalisha kambale kwa ajili ya ndoana walipata elimu ambayo baadaye iliwafaa katika kufuga samaki wa chakula.

6. Mkubwa kwa ajili ya nani?

Swali la chambo haliwezi kutenganishwa na swali la mlaji. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza na kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Mwaka 1990 mavuno ya sangara katika ziwa zima yalipita tani 300,000. Minofu ilipelekwa Ulaya na kwingineko. Mifupa na vichwa vilibaki. Wenyeji wa Mwanza waliyaita mabaki hayo mapanki, na wa Kisumu wakayaita mgongo wazi. Jina hili la pili ni la uchungu na la kweli: mgongo ule ule ambao umevuka maporomoko kwa amri ya wakubwa sasa umevuliwa nyama yake. Soko hilo lilikuwa pia la mashaka, kwani kati ya mwaka 1997 na 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia mara kadhaa samaki wa ziwa hilo kwa sababu za afya.

Kadiri sangara wakubwa walivyopungua katika nyavu, ndivyo ndoana ilivyopanda heshima. Idadi ya ndoana za kamba ndefu katika ziwa ilizidi milioni 3 mwaka 2000, na miaka kumi baadaye ilikuwa zaidi ya maradufu. Biashara ya mabondo, yaani vifuko vya hewa vya ndani ya samaki vinavyonunuliwa kwa bei kubwa katika masoko ya Asia, iliongeza tamaa ya kuwapata wakubwa hasa. Lakini sangara wakubwa wengi ni majike, tena ndio watagaji wa mayai mengi. Nchi tatu za ziwa hilo, zilizounda shirika lao la uvuvi mwaka 1994, zilikubaliana kwamba viwanda vipokee sangara wenye urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na mama wazae. Ndoana haijui kupima. Chambo hai kilichochaguliwa vyema humwita jike kubwa kabla ya mwingine yeyote.

Kuna tatizo jingine, la upande wa pili wa ndoana. Asiyeweza kununua kambale wa bwawani huvua chambo chake mwenyewe kwa kokoro la matundu madogo, chombo ambacho sheria za nchi zote tatu zimekikataza. Kokoro hukusanya furu waliosalia na ambao baadhi yao wameanza kurudi. Hukusanya vilevile watoto wa sato na wa sangara. Hivyo mtu huvunja sheria ufukoni ili apate kutii desturi ya maji ya kina. Kumhukumu mvuvi huyo ni rahisi. Ni vigumu zaidi kukumbuka kwamba babu yake alipata chambo bila kosa, kwa mnyoo mmoja, katika ziwa ambalo wengine waliliona limejaa takataka.

7. Hitimisho

Safari ya chambo iliyofuatwa hapa ina hatua tatu. Kwanza furu alikuwa chambo kwa sababu alikuwa kila mahali. Kisha furu alitoweka ndani ya kinywa cha yule aliyekuwa akivuliwa kwa ajili yake. Mwishowe binadamu alilazimika kuzalisha kwa sindano na beseni kile ambacho ziwa lilikuwa likikitoa bure. Tarehe za nyavu na amri za serikali hazielezi jambo hili kwa ukamilifu. Mnyama mdogo aliye kwenye ncha ya ndoana hulieleza.

Inabaki kurejea pale safari ilipoanzia. Ziwa Albert, lililoitwa Mobutu Sese Seko katika miaka ya Zaire, ndilo lililowatoa sangara kwa ajili ya maji ya wengine. Lakini nyumbani hapo napo wakubwa wamepungua kwa kuvuliwa mno. Tangu miaka ya 2000, sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa hilo imekuwa samaki wadogo wanaovutwa usiku kwa mwanga wa taa, ambao wavuvi wa upande wa Uganda huwaita muziri na ragoge. Hukaushwa mchangani na kuuzwa kwa mafungu. Samaki wa namna hiyo, zamani, mwenye ndoana angewatazama na kuona chambo tu. Leo ndio kitoweo. Huenda historia ya uvuvi wa maziwa haya ikaandikwa vizuri zaidi siku itakapoanza kwa kuwahesabu wadogo, kwa maana wao ndio waliowalisha wakubwa, na wao ndio wanaobaki wakubwa wakiisha.